Masjala za Hospitali na Desemba ya Kilimanjaro

Vijana wanaoajiriwa leo katika ofisi za takwimu za hospitali mkoani Kilimanjaro hukuta kompyuta mezani, na wengi wao hawajui kwamba kabla yake palikuwa na masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya wagonjwa, ambacho rafu zake zilifika darini na ambacho katika hospitali nyingi kimebomolewa au kugeuzwa stoo. Kutojua huko si kosa lao, kwa kuwa historia ya hospitali huandikwa kwa majina ya waganga na miaka ya kufunguliwa kwa majengo, huku kazi ya makarani, na hasa ya siku za mwisho za Desemba, ikipita bila kutajwa.

Desemba ya Kilimanjaro ina mzigo wake, kwa sababu Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurejea kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, ili kula sikukuu pamoja na wazee wao. Hospitali iliupokea umati huo kwa njia tatu. Majeruhi wa ajali za barabarani waliletwa usiku. Wazee waliovumilia maradhi mwaka mzima waliletwa na watoto wao, ambao ndio kwanza wamefika wakiwa na fedha na siku chache za mapumziko. Na familia zilizofiwa zilitaka kuzika kabla ya Mwaka Mpya, ndugu wangali nyumbani, hivyo zilihitaji taarifa ya kifo na kibali cha mazishi kwa haraka. Kila mmoja wa watu hao alipita kwenye dirisha la karani.

Saa za kazi za serikali zilianza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, lakini dirisha hilo halikuzifuata. Wauguzi walikuwa na zamu tatu zilizobandikwa ukutani, na mganga wa usiku alijulikana kwa jina. Karani hakuwa na zamu yoyote iliyoandikwa, hata akafungua alfajiri na kufunga pale mtu wa mwisho alipoondoka, mara nyingi usiku mkubwa, kisha akarudi siku ya Krismasi yenyewe baada ya misa ya kwanza.

Utaratibu wa masjala ulikuwa mwepesi kuueleza. Mgonjwa alipewa kadi yenye namba, ikifuatwa na mkwaju na mwaka, na namba hiyo iliuongoza mkono wa karani hadi kwenye rafu. Jalada likitolewa, mahali pake paliwekwa kadi ya kufuatilia, yaani kipande cha karatasi ngumu kinachotaja wodi au kliniki lilikopelekwa. Utaratibu huo ulitosha mwezi Mei. Desemba mgonjwa alitoka mbali bila kadi, au kadi ilikuwa imefungiwa sandukuni na mama aliyekwisha kufariki, hivyo karani akalazimika kuanzia kwenye jina, na majina kama Mushi na Massawe yalikuwa ya watu wengi mno.

Hapo ndipo ulipohitajika ujuzi ambao hakuna chuo kilichoufundisha. Katika hospitali moja ya serikali mkoani humo alikuwapo karani aliyeanza kazi miaka ya 1970 na kustaafu kompyuta zilipokuwa zinaingia, ambaye swali lake la kwanza kwa mama aliyefika dirishani lilikuwa, "Mama, shikamoo, wewe ni wa Mushi wa wapi?" Kisha aliuliza jina la baba mkwe, na mwisho aliuliza parokia kwa Mkatoliki au usharika kwa Mlutheri, kwa maana watu wa Kibosho, Uru, Machame na Marangu walijitambulisha kwa kanisa wanalosali sawasawa na kwa kijiji. Majibu hayo aliyalinganisha na daftari lake mwenyewe, ambamo kwa miaka mingi aliandika familia baada ya familia na namba za majalada yao, kwa sababu masjala haikuwa na orodha ya majina. Saa zilipotulia alishona majalada yaliyopasuka kwa sindano ya gunia. Chumba kilinuka karatasi za manila zilizokula unyevu wa masika, wino wa mhuri, gundi, na mafuta ya taa ya chemli katika usiku wa mgao wa umeme, na harufu hiyo ilibaki kwenye nguo zake hata mtori wa sikukuu, ulioletwa na mkewe kwenye chupa ya chai, aliula akinuka masjala.

Usiku wa tarehe 31 Desemba ulikuwa na kazi yake. Hospitali huhesabu kila usiku wa manane wagonjwa waliolala wodini, na hesabu ya usiku huo ndiyo iliyofunga mwaka mmoja na kufungua mwingine. Kwa hiyo kengele za makanisa zilipolia, karani alikuwa akipita wodi hadi wodi na muuguzi, akilinganisha vitanda na vitabu. Tangu miaka ya 1990 hesabu hizo ziliingia katika MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na Januari ilianza kwa kujumlisha kwa mkono wagonjwa wa mwaka mzima, walio chini ya miaka 5 na waliozidi.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kwa kasi. Mwaka 1993 ulianza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, na karani akawa pia mpokea fedha na mpeleka maombi ya msamaha. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi, ukaja na fomu zake za madai. Kisha zikaja kompyuta na namba za kumbukumbu za malipo. Karatasi zimepungua, na hilo ni jambo jema, lakini saa hazijapungua: mtandao ukikatika mkesha wa Krismasi, wazee husubiri kwenye benchi mbele ya kijana anayejitolea bila mshahara, ambaye hana daftari la kumwongoza. Lile la karani mstaafu halikuwa kumbukumbu rasmi, kwa hiyo hakuna aliyelinakili.

Kuhusu saa hizo za Desemba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 za kazi kwa wiki na malipo maradufu kwa saa za sikukuu. Kinachokosekana ni jina la karani, la mhasibu na la katibu wa afya, ambaye ndiye msimamizi wa utawala wa hospitali, kwenye orodha ya zamu za Desemba kando ya jina la mganga. Jina lisipoandikwa hapo, saa hazihesabiwi, na saa zisizohesabiwa hazilipwi.