Punda Mkongwe wa Lamu

Msafiri ashukaye gatini Lamu hukutana na punda kabla hajafika mlangoni kwa mwenyeji wake. Katika vichochoro visivyopitika kwa gari, wao ndio wabebao mawe, mchanga na maji.

Asubuhi moja, mtaani Langoni, nilimkuta punda mkongwe amesimama ukutani, kichwa chini, pumba zake hazijaguswa.

"Tangu jana hali, mwanangu, wala hapati choo," alisema bibi mwenye punda.

Punda huficha maumivu. Ukimya ndio kilio chake. Uzeeni meno hulika, asiweze kutafuna vyema, na majani makavu humkwama tumboni. Akiokota na plastiki jaani, msiba huzidi, kwani hana uwezo wa kutapika.

Tukamwongoza polepole hadi zahanati ya punda iliyo mbele ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1987 na shirika la Donkey Sanctuary, ambako punda hutibiwa bila malipo. Daktari alimpitishia maji na mafuta kwa mpira wa puani, kisha akausia: chakula laini kilichorowekwa, kidogo kidogo, na maji safi daima.

Jioni punda akapata choo. "Alhamdulillahi," bibi akasema, akimpapasa shingo. "Amenichukulia maji miaka mingi. Sasa ni zamu yangu."

Ndugu msomaji, mfuko tuutupao kichochoroni huenda ukaishia tumboni mwa kiumbe asiyeweza kutushitaki hapa duniani.