Kamera Mbili za Zamani na Picha za Usiku wa Hina



Mfunguo mosi ukiingia, harusi hufuatana, na kina dada wanaokuja kupimwa nguo huniuliza swali lilelile: "Dada, ile kamera unayopigia nguo zako ni ipi, na mie ninunue?" Jibu langu huwachekesha, maana ni kamera mbili, zote za zamani, na hakuna hata moja inayoweza kutuma picha kwa mtu. Moja ni Canon EOS 5D, ile ya mwanzo kabisa iliyotoka mwaka 2005. Ya pili ni Canon PowerShot G12, iliyotoka mwaka 2010.

Leo nazilinganisha kwa kazi, si kwa sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Bibi harusi anahitaji picha za aina mbalimbali, na baadhi ya picha hizo ni amana.

Kila moja ilivyo

5D ni kamera nzito ya kubadilisha lenzi. Mwili wake peke yake, bila betri wala lenzi, una gramu 810. Ndani yake mna sensa, yaani kile kibati kinachopokea mwanga, chenye ukubwa wa milimita 36 kwa 24 hivi, sawa na kipande kimoja cha filamu tulizokuwa tukipeleka kusafishwa zamani. Picha zake ni za megapikseli 12.8. Haina flashi yake yenyewe, hairekodi video, na skrini ya nyuma haikuonyeshi kitu mpaka umeshapiga. Kulenga ni kwa kuweka jicho kwenye kitundu.

G12 inaingia mkobani. Ina gramu 400 hivi pamoja na betri na kadi. Lenzi yake haitoki, ila inavuta mbali na karibu, kiasi cha milimita 28 hadi 140 kwa hesabu ya filamu. Ina flashi, inarekodi video, na skrini yake inafunguka kando kama mlango mdogo na kuzunguka. Picha zake ni za megapikseli 10. Lakini sensa yake ni ndogo mno: ya 5D inaizidi eneo takriban mara 20.

Wengi wetu tukienda dukani tunauliza megapikseli tu. Kwa albamu ya harusi hilo lisikusumbue. Picha ya G12 inachapika kwa inchi 12 kwa 9 ikiwa safi kabisa, na ya 5D inafika inchi 14 kwa 9 na kidogo juu yake. Zote mbili zinatosha kutundikwa ukutani. Tofauti yao iko kwenye giza, kwenye ukaribu na kwenye kelele.

Darizi, hina na vikuba: kazi ya G12

Mteja anayechagua darizi hatazami gauni zima. Anataka kuona uzi ulivyopita, ushanga ulivyokaa na pindo lilivyomalizwa. Hapo G12 inaishinda kamera kubwa. Ukiiweka kwenye alama ya ua na usipovuta lenzi, inaweza kushika kitu kilicho sentimita 1 tu mbele yake. Tena kwa kuwa sensa yake ni ndogo, ukali wa picha unakwenda ndani zaidi, kwa hiyo ua lote la darizi linaonekana sawasawa, mbele mpaka nyuma.

5D yangu ina lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ile nyepesi ya bei nafuu. Lenzi hiyo haikubali kukaribia chini ya sentimita 45. Ukifungua tundu lake lote, ushanga mmoja unakuwa mkali na wa pili yake umeshafifia. Kwa uso wa mtu hilo ni pambo, ila anayetaka kuuza mkono wa gauni anapata hasara.

Hina na piko ni vivyo hivyo. Bibi harusi amekaa chini, mikono juu ya mto, miguu imenyooshwa, na haruhusiwi kujisogeza mpaka ikauke. Kwa G12 unainua mkono, unaigeuza skrini ikutazame, unapiga kutokea juu bila kupanda kigoda. Vikuba vya asumini na mrehani, viatu, bangili, sahani ya udi, vyote hivyo ni vyake.

Kitu kimoja nakusihi: zima flashi. Flashi inayotoka mbele moja kwa moja inalaza nyuzi, darizi inaonekana kama imepigwa pasi, na hina mbichi inang'aa kama mafuta. Kaa karibu na dirisha asubuhi, upande usioingia jua, uache mwanga uje kwa ubavu. Kivuli kidogo cha kila uzi ndicho kinachoonyesha kazi ya mkono.

Watu na ukumbi wa usiku: kazi ya 5D

Jua likishatua, mambo yanageuka. Ukumbini kuna taa za rangi, bibi harusi anaingia taratibu, shangazi wanapiga vigelegele, watoto wanapita. G12 ukivuta lenzi mpaka mwisho, tundu lake linabaki f/4.5. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara 6 ya huo. Ongeza na ile sensa kubwa, na utaona kwa nini 5D kwenye ISO 1600 bado inatoa ngozi laini, wakati G12 kwenye namba hiyohiyo inaanza kutoa chenga kama mchanga wa pwani.

Kuna faida nyingine wanayoipenda mabibi harusi bila kuijua jina. Tundu likiwa wazi, uso unatoka, na viti vya plastiki na nyaya za spika zilizoko nyuma zinayeyuka. Ukumbi wa kawaida unakuwa na heshima yake. Ila wakisimama bibi, mama na masomo kwa mstari, funga tundu mpaka f/4 au f/5.6, maana kwenye f/1.8 mmoja atakuwa mkali na wenzake watakuwa ukungu, na kwenye picha ya familia hilo ni kosa kubwa.

Upungufu wa 5D ni mlio. Kioo chake cha ndani kinaruka kwa sauti kila ukipiga. Kwenye taarabu hakuna anayesikia. Kwenye maulidi ya kina mama, au dua inaposomwa na watu wameinamisha vichwa, ule mlio unamgeuza kila mtu. Hapo naichukua G12, nazima sauti zake zote, na hakuna anayejua kama nimepiga.

Gauni jeupe, buibui jeusi

Kamera zote hujaribu kuifanya picha iwe na mwanga wa wastani. Ikiona gauni jeupe limejaa, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na gauni linatoka rangi ya majivu. Ikiona buibui jeusi, inadhani giza limezidi, inaongeza, na weusi ule unakuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Dawa yake ni moja: kwa nyeupe, ongeza hatua moja, kwa nyeusi, punguza moja. G12 ina gurudumu la kazi hiyo juu kabisa, upande wa kushoto, unaliona kwa macho. Kwenye 5D ni gurudumu kubwa la nyuma. Ukishazoea, kidole kinakwenda chenyewe, kama vile mguu kwenye pedali ya cherehani.

Picha ni amana

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nibaki na kamera hizi.

Alinijia binti mmoja kupimwa gauni la kupambwa, akasema hataki picha hata moja. Dada yake alipigwa kwa simu usiku wa hina, nywele wazi, na kabla ya alfajiri picha imeshafika kwenye makundi ya simu, mpaka kwa wanaume wa mtaani. Sikuwa na la kumbishia. Lakini bibi yake mzaa mama alikuwa Muscat, miguu haimruhusu tena kusafiri, na alichoomba ni kumuona mjukuu wake alivyopambwa. Binti alikuwa analia juu ya mambo mawili: haya yake, na bibi yake.

5D na G12 hazina waifai wala hazijui intaneti ni kitu gani. Usipotia kadi maalumu yenye waifai yake, picha haitoki ndani mpaka mkono wa mtu uitoe. Kwa simu sivyo: picha inaweza kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni hata mpigaji mwenyewe hana habari, na simu ikishikwa na mwengine, nayo imeshikwa.

Tukakubaliana hivi. Simu zote za wageni zinawekwa kwenye kapu mlangoni, chini ya mkono wa somo. Picha zinapigwa na kamera moja tu. Kadi ni mpya, imo kwenye bei, na kabla sijaondoka naitoa kwenye kamera mbele yake na kumkabidhi yeye mwenyewe. Sibaki na nakala. Zile alizotaka kuchapwa tulizichapa palepale chumbani, kwani kamera hizi zina kitu kinaitwa PictBridge: unaunganisha kamera na printa ndogo inayokubali mfumo huo kwa waya, na picha inatoka bila kompyuta na bila kupitia dukani kwa mtu. Picha za bibi zikasafiri mkobani mwa mama mdogo mpaka Muscat, mkono kwa mkono.

Mtu atasema, si ungezifuta tu baadaye? Dada yangu, kufuta hakutoshi. Picha iliyofutwa kwenye kadi inaweza kurudishwa kwa programu, maadamu haijaandikwa nyingine juu yake. Ndiyo maana anayepewa ni kadi yenyewe, si ahadi. Na ndiyo maana usiuze kamera pamoja na kadi yake.

Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamrisha turejeshe amana kwa wenyewe, na Suratun-Nuur, aya ya 31, inawataja wale ambao mwanamke anaweza kuwaonyesha mapambo yake. Wapo pia masheikh wanaokataza picha za watu kabisa, na anayefuata kauli hiyo aheshimiwe na asisukumwe. Kwa sisi tunaopiga, picha ya mwanamke aliyejifunua miongoni mwa wanawake ni mali yake, kama dhahabu aliyoivua akakuomba umshikie.

Ukitaka kununua

Zote mbili utazipata zikiwa zimeshatumika tu. Nenda na kadi yako na betri iliyojaa. Kumbuka 5D inatumia kadi za CompactFlash, zile nene, na kompyuta nyingi hazina pa kuzichomeka, kwa hiyo utahitaji kadi rida ya USB. Chungulia ndani ya tundu la kadi: vile vipini vidogo visiwe vimepinda. Usichanganywe na 5D Mark II, hiyo ni nyingine, ya mwaka 2008, na inarekodi video.

Fungia tundu la lenzi mpaka f/16, piga ukuta mweupe, ukuze picha. Vidoa vyeusi ni vumbi kwenye sensa, na 5D hii ya mwanzo haijisafishi yenyewe. Kwenye gauni jeupe utaviona vyote. G12 haisumbui sana kwa hilo kwani lenzi yake haifunguliwi. Kisha mulika tochi kwenye lenzi: ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, hiyo ni fangasi, iache.

Kisiwani kwetu unyevu na chumvi ni maadui. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika, usiihifadhi kabatini katikati ya nguo. Na udi ukifukizwa, funika lenzi, kwani moshi wake unaacha utando wenye kunata juu ya kioo.

Kwa hivyo, ukiniuliza moja tu: anayeuza nguo, hina, maua au vyakula achukue G12. Anayetaka kupiga watu usiku achukue 5D na lenzi ya milimita 50. Na wewe unayeolewa huna haja ya kununua yoyote. Kabla hujamlipa mpigaji, muulize maneno mawili: kadi ataondoka nayo nani, na nakala itabaki wapi? Akisitasita kujibu, tafuta mwengine, hata awe na kamera ya jana.

Allah azisitiri harusi zetu, na atujaalie tuwe watu wa kushika amana. Amin.