Mnunuzi Aliyegeuka Mkopeshaji

Mwaka 2017 ulikuwa mgumu Kahama. Mwezi Machi serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na ilipofika Septemba kampuni ya Acacia ikatangaza kupunguza shughuli zake katika mgodi wa Bulyanhulu. Waliokuwa mbali waliyasikia hayo kwenye taarifa ya habari kama mvutano kati ya serikali na wawekezaji. Sisi tuliyaona madukani. Mwenye mshahara wa mgodini ndiye aliyekuwa akinunua televisheni, magodoro na mabati. Mshahara ulipokatika, wafanyabiashara waliochukua mzigo kwa mali kauli wakabaki na bidhaa zisizouzika na madeni yasiyosubiri.

Mama yangu mdogo alikuwa akilipia friza katika mojawapo ya maduka hayo. Alilipa kidogo kidogo, kila alipouza mchele, akitaka kuanza biashara ya barafu na maji baridi. Malipo yote yaliandikwa kwenye daftari na muuzaji akatia sahihi. Kisha siku moja akakuta mlango una kufuli jipya, mwenye nyumba anadai pango la miezi, na wadai wengine wamekwisha kufika. Friza zilikuwa mle ndani, zinaonekana dirishani. Aliambiwa asubiri, kwa kuwa na yeye ni mdai.

Neno hilo lilimchanganya, na mimi limenikaa kichwani miaka yote hii. Mtu anakwenda dukani kununua, anatoka akiwa mkopeshaji, wala hakuna aliyemwambia. Benki inapokukopesha inataka hati ya nyumba, wadhamini na riba. Mama mdogo alimkopesha mwenye duka fedha yake ya mchele bila riba, bila dhamana, na kwa furaha kabisa, akiamini ananunua.

Sheria inamweka mahali pabaya. Kampuni ikifilisiwa, mfilisi huanza na gharama za ufilisi wenyewe, na benki yenye dhamana hushika kilichowekwa rehani. Kodi na mishahara ya wafanyakazi hupewa kipaumbele, na mteja aliyelipa kabla ya kuchukua bidhaa husubiri pamoja na wadai wasio na dhamana, wale ambao mara nyingi hufikiwa kapu likiwa tupu. Wasambazaji wakubwa wa Kenya walilijua hilo Januari 2020, wadai walipopiga kura kuifilisi Nakumatt, kampuni iliyokuwa imevuka mpaka na kuchukua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Ikiwa wenye viwanda na mawakili wao walipata hasara, muuza mchele wa Kahama atashika nini?

Hata hivyo kuna upenyo mmoja ambao ningependa kila mnunuzi aujue. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, umiliki wa bidhaa hauwezi kuhama kabla bidhaa yenyewe haijajulikana ni ipi. Ukilipia "friza moja" kati ya kumi zilizopo stoo, huna friza, una ahadi. Lakini ikitengwa ile yako, namba ya mashine ikaandikwa kwenye risiti pamoja na jina lako, na ikaandikwa kwamba mmekubaliana imekwisha kuwa mali yako, unakuwa na hoja ya kumwambia mfilisi kwamba hiki si cha kugawana. Mstari mmoja wa wino unaweza kukutoa kwenye foleni ya wadai. Na kama ulilipa kwa simu, usifute ujumbe: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupa nafasi ya kuwa ushahidi mahakamani. Gerentii nayo iangaliwe ni ya nani. Ya duka hufa na duka. Ya kiwanda bado ina mtu wa kuulizwa.

Huku kwetu watu si wageni wa hatari. Kwenye duara la dhahabu, Geita au Kakola, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe. Mawe yakitoka mazuri, kila mmoja anapata fungu lake. Yasipotoka, kila mmoja amekosa, na hakuna anayesema amedanganywa, maana waliingia wakijua. Mteja anayelipia kidogo kidogo anabeba hatari ileile ya biashara ya mtu mwingine. Ikifanikiwa, faida si yake. Ikianguka, anaanguka nayo. Hilo ndilo linaloniuma. Hatari yenyewe ningeivumilia, lakini si haki kumbebesha mtu mzigo kwa kumnyamazia.

Jambo hili limekua tangu biashara ya kulipa kwa simu iingie vijijini. Mobisol, kampuni iliyozaliwa Berlin, iliuza mitambo ya sola Tanzania, Rwanda na Kenya kwa malipo ya miezi 36. Ukichelewa kulipa, mtambo ulizimwa kutoka mbali. Aprili 2019 kampuni ikaingia katika ufilisi nchini Ujerumani. Mwaka huohuo Engie ya Ufaransa ikainunua, huduma ikaendelea chini ya mmiliki mpya, na kwa hilo nashukuru kwa ajili ya watoto waliokuwa wakisomea taa zile. Lakini asingetokea mnunuzi, mwenye funguo angekuwa nani? Leo simu za mkopo zinazojifunga zimejaa mikononi mwa vijana wa Shinyanga na Geita. Mkataba unaeleza kwa urefu kitakachotokea mteja akishindwa. Kitakachotokea kampuni ikishindwa ndicho cha kuuliza kabla ya kutoa fedha, na jibu liandikwe.

Mama mdogo hatimaye alipata karibu nusu ya fedha yake. Hakuipata kwa sheria. Mwenye duka alikuwa mtu wa ukoo tunaoujua. Wazee wa pande mbili walikaa, akakubali kulipa baada ya mavuno, na akalipa alichoweza. Sikumchukia, kwa sababu na yeye alikuwa ameangushwa. Lakini kampuni haina wazee wa kukaa nayo. Ikifa, imekufa na madeni yake, na aliyeimiliki anaweza kufungua nyingine kwa jina jipya.

Ndiyo maana naona kazi hii haiwezi kuachwa kwa uangalifu wa mnunuzi peke yake. Benki Kuu ilipofunga benki tano Januari 2018, ikiwemo benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, Bodi ya Bima ya Amana iliwalipa wenye akiba hadi shilingi 1,500,000 kila mmoja, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 7,500,000. Fedha zetu za kwenye simu nazo zimewekwa katika akaunti za amana benki, kampuni ya simu hairuhusiwi kuzifanyia biashara yake. Kwa hiyo shilingi ya mama mdogo ina ulinzi ikiwa benki, ina ulinzi ikiwa kwenye simu, na inaupoteza pale anapobonyeza kumlipa muuzaji wa kitu ambacho hajakabidhiwa. Bunge linaweza kuliziba pengo hilo kwa kumtaka kila anayepokea malipo ya awali aziweke fedha hizo kwenye akaunti ya pembeni mpaka bidhaa itoke dukani. Wafanyabiashara watalalamika kwamba mtaji wao umebanwa. Fedha ya mteja ambaye bado hajapewa kitu haijawa mtaji wao.