Saa Mbili za Kwenda Kinshasa

Msomaji, ukitwaa ramani na kupima toka Kavumu, kiwanja cha ndege cha Bukavu, hata N'djili, kiwanja cha Kinshasa, utapata kilometa 1,500 hivi. Ndege kubwa hukata kilometa 800 kwa saa; ukiongeza muda wa kupanda na kushuka, safari ni saa mbili. Hayo twawafundisha watoto wa Nyangezi, nao huyaandika vizuri daftarini.

Mwaka 2019 tulimsindikiza mama mmoja mjane wa mtaa wetu. Mwanawe alikuwa amelazwa hospitalini Kinshasa. Akatuuliza, "Mwalimu, Kinshasa ni mbali kuliko Uvira?" Tulicheka, na hata leo twaona haya. Uvira alikwisha kwenda kwa miguu, akiteremka Ngomo hata Kamanyola na mzigo wa maharage kichwani. Kwake umbali ulihesabiwa kwa siku. Tukamjibu, "Mama, ni mbali mara kumi na zaidi, lakini utafika upesi kuliko Uvira." Hakusadiki.

Tuliondoka saa kumi ya usiku. Nyangezi hata Bukavu ni kilometa kama 25 tu, na toka Bukavu hata Kavumu kama 30. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na lori moja lililala likakinga njia nzima mtelemkoni. Tukakaa pale saa tatu. Tulipokaribia Kavumu, tuliiona ndege ikigeuka juu ya ziwa. Mama akaketi juu ya kifurushi chake, asiseme neno.

Nafasi nyingine ilipatikana baada ya siku mbili, kwa mchango wa majirani. Ndege ile ilipitia Goma kwanza, kilometa 85 tu, safari fupi kuliko kungojea kwake uwanjani. Mchana akatupigia simu: "Mwalimu, saa yangu imeharibika! Yangu yasema saa nane, wenyeji wote wasema saa saba." Kumbe tulisahau kumweleza kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa kuwa jua hutufikia sisi wa mashariki kwanza. Aliondoka Goma saa sita, akakaa angani saa mbili, akashuka saa saba.

Alimkuta mwanawe angali aweza kuzungumza. Walikaa pamoja siku nne. Zingalikuwa sita.

Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kavumu, na ndege za abiria zikakoma. Wasafiri wakalazimika kuvuka mpaka kutafuta ndege Kigali au Bujumbura, yaani kwenda mashariki ili wafike magharibi. Mwaka ule, tulipofundisha somo lile, mtoto mmoja aliinua mkono: "Mwalimu, tuandike saa mbili, au siku ngapi?" Tukamwambia aanze kwa kuandika njia ya kutoka kwao.