Bia ya Kanada na vumbi la Kolwezi

Wiki hii nilitaka kuwaandikia juu ya kazi za nyumbani za watoto, lakini mtoto mmoja wa mwaka wa sita alinibadilishia njia. Tulikuwa katika somo la madini ya kwetu. Nilikuwa nimeandika ubaoni shaba, kobalti, zinki. Akainua mkono: «Madamu, kobalti banakulaka?» Wenzake walicheka sana. Nikamjibu kwamba kobalti inauzwa, hailiwi, tukaendelea na somo.

Jioni jibu langu likanisumbua, kwa sababu halikuwa kweli. Kila mtu ana kobalti kidogo sana mwilini. Imo ndani ya vitamini B12, ile tunayoipata katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na bila hiyo mwili hautengenezi damu vizuri. Tena kuna watu waliokunywa kobalti nyingi kuliko hiyo, ikawaua. Hao hawakuwa watu wa Kolwezi. Walikuwa Kanada.

Mwaka 1965, katika mji wa Quebec, kiwanda kimoja cha bia kilianza kutia chumvi ya kobalti katika bia ili povu lisipotee upesi ndani ya glasi. Povu tu, wamama! Haukupita muda mrefu, madaktari wa mji wakaanza kupokea wanaume waliopumua kwa shida, moyo umepanuka na hauna nguvu tena. Mpaka mwaka 1966 walikuwa wamefika karibu 50, na karibu 20 kati yao walikufa. Wote walikuwa wanywaji wakubwa wa bia. Kobalti ilipoondolewa katika bia, wagonjwa wapya wakaisha. Visa vya namna hiyo vilionekana pia Omaha, Marekani, na Leuven, Ubelgiji.

Jambo moja liliwashangaza wachunguzi. Zamani zile madaktari walikuwa wakitoa kobalti kama dawa kwa watu waliopungukiwa damu, kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha bia, na mioyo yao haikuharibika hivyo. Kwa nini basi wanywaji wa bia walikufa? Wachunguzi walifikiri kwamba pombe nyingi pamoja na chakula hafifu, hasa kukosa protini, viliufanya moyo ushindwe kujikinga. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili, nikifikiria watoto wanaofika darasani saa moja na nusu asubuhi bila kutia kitu kinywani.

Kwetu kobalti haipiti katika bia. Hapo ndipo inafaa tujue kazi ya wasomi wetu wenyewe wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, akisaidiana na Benoit Nemery wa chuo kikuu cha Leuven (ndiyo, Leuven ileile), alipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wakatoa matokeo mwaka 2009. Walitafuta madini 17. Kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, kobalti ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuandikwa popote kwa watu wa kawaida, wasiofanya kazi ya kiwanda. Na watoto walikuwa nayo zaidi ya wakubwa.

Halafu ikaja habari ya Kasulo. Ninyi mnaipajua: mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya viwanja vya watu, na mtaa mzima ukachimbwa, mashimo ndani ya nyua, mengine ndani ya nyumba zenyewe. Banza na wenzake walipima damu na mkojo wa wakaaji 72 wa pale, 32 kati yao wakiwa watoto, wakalinganisha na watu wa mtaa jirani. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mara kumi katika mkojo kuliko watoto wa mahali pengine, na kulikuwa na dalili kwamba chembe za urithi katika mwili wao zilikuwa zikiharibiwa. Hawa si watoto walioshuka shimoni. Wengi waliishi tu hapo, wakicheza chini.

Watoto wanaipata kwa vumbi la sakafuni linalofuata mikono mpaka kinywani. Sisi wakubwa tunaipata zaidi kwa chakula, hasa mboga zinazolimwa karibu na migodi. Sombe na lengalenga zile tunazosifu kwamba ni za shamba letu wenyewe.

Sasa niseme kwangu. Shemeji yangu ni mchimbaji. Kwa miaka minne alikuwa akileta mifuko yake nyumbani, tukiipanga chini ya kitanda cha watoto ili isiibwe. Mwanangu wa mwisho alijifunza kutambaa hapo. Nilikuwa nikifagia asubuhi na fagio kavu, vumbi likapanda mpaka dirishani, nikajiona mwanamke safi. Niliposoma habari ya Kasulo niliomba mifuko itoke ndani. Mama mkwe akaniangalia, akasema: «Leo unaogopa vumbi. Minervali ya watoto ilitoka wapi?» Sikuwa na jibu. Ilitoka katika mifuko ile. Mshahara wa mwalimu mnaujua.

Siku tatu hatukusalimiana vizuri. Mwishowe mume wangu alijenga kibanda kidogo cha mabati nyuma ya nyumba, chenye kufuli, na mifuko ikahamia huko. Mimi sasa ninanyunyiza maji kabla ya kufagia, tena ninapangusa kwa kitambaa chenye maji. Watoto wananawa mikono kabla ya bukari, hata wakilalamika. Mboga ninaziosha mara tatu. Maji yanaondoa vumbi lililotua juu ya majani, lakini kile kilichopanda kutoka udongoni hakiondoki, tusijidanganye. Mayai mawili kwa juma kwa kila mtoto, hapo ndipo nimeshindwa mara nyingi.

Kuna utafiti mwingine, nao ndio unaoninyima usingizi. Ulitoka mwaka 2020, na ulifanywa Lubumbashi kati ya mwaka 2013 na 2015. Walichukua watoto wachanga 138 waliozaliwa na kilema na 108 waliozaliwa bila kilema, wakawauliza wazazi maisha yao. Baba akiwa na kazi inayohusu migodi, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kilema ulipanda zaidi ya mara tano. Hesabu hiyo haisemi kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa hivyo, wala haionyeshi ni madini gani hasa yanayoleta kilema. Lakini fikirini namna tunavyofanya sisi. Mtoto akizaliwa hivyo, macho yote yanamgeukia mama: alikula nini, alitembea na nani, nani alimroga. Nimekaa katika matanga ya mtoto mchanga ambapo maneno hayo yalisemwa mama mwenyewe akisikia, na mimi, mwalimu mwenye diploma, nilinyamaza.

Ninawaomba viongozi wa chama jambo moja. Matokeo haya yameandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hata sisi walimu hatuyaoni, na mikojo ni ya watoto wetu. Lubumbashi si mbali sana, na wasomi wa Kolwezi wapo pia. Tuwaandikie barua, waje siku ya likelemba, watueleze kwa Kiswahili, nasi tuwaulize maswali. Barua niko tayari kuiandika mimi.

Mtoto wa darasa la sita nilimrudia Jumatatu. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya, nikawasimulia wote habari ya bia ya Quebec. Hakucheka mtu. Akauliza tena kama baba yake anaweza kupimwa.

Shemeji alioa mwaka jana, na mke wake yuko katika mwezi wa tano. Tumekubaliana naye, si bila kelele, kwamba avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kuingia nyumbani. Jumamosi anarudi kutoka shimoni. Beseni, sabuni na nguo safi nimeviweka nje, kando ya mlango.