Vumbi la Nyumbani Mwangu



Leo sitawaeleza habari za sakramenti wala za amri za Mungu, bali habari za sakafu. Msinicheke. Katika sakafu ya nyumba yangu hapa Kailo nimepata somo ambalo sikulipata seminarini, wala katika miaka yote niliyofundisha wakatekumeni.

Zamani nyumba yetu ilikuwa ya udongo chini, kama nyumba nyingi za huku. Kila juma mke wangu aliikandika upya kwa udongo wa kichuguu. Lakini kiangazi kilipofika udongo ulipasuka, ukawa unga, na ndani ya unga ule funza wakazaliana. Karibu kila Jumamosi tuliwatoa watoto funza kwa sindano, wapate kutembea vema kwenda Misa. Funza huyu ni mgeni katika Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazil mpaka Ambriz, katika Angola, mwaka 1872. Akavuka Kongo pamoja na misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Makao yake ni vumbi kavu. Basi nikasema moyoni: Nitaweka simenti, na vumbi litakwisha.

Simenti tunaileta kutoka Kindu, na bei yake ni kali. Nilipata mifuko michache tu. Desturi ya mafundi ni kuchanganya simenti sehemu moja na mchanga sehemu tatu. Mimi nilitia mchanga sehemu sita, ili vyumba vyote vienee, tena nikamimina maji mengi ili kazi iwe nyepesi. Siku ya tatu wageni wa ubatizo walikuja, nikawaingiza ndani kwa fahari. Wote wakasifu. Nami nilijisifu kuliko wote.

Haikupita miezi miwili, vumbi likarudi. Mke wangu alifagia asubuhi, na saa sita meza ilikuwa na vumbi tena, na vyombo, na hata kitabu changu cha sala. Binti yetu mdogo akaanza kukohoa usiku. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi akamsikiliza kifua, akasema: “Mapafu yake ni mazuri, lakini mwondoleeni vumbi.”

Nilidhani najua kosa ni la nani. Seminarini tulifagia kila siku, na mkubwa wetu alipitisha kidole chini ya vitanda. Nikawa naye nyumbani mwangu, yaani mimi mwenyewe nikawa mkubwa yule. Jioni moja jumuiya yetu ilikuja kusali kwetu. Mama mmoja mzee alipangusa kiti kwa kitenge chake kabla ya kukaa. Niliona haya. Nikamgeukia mke wangu mbele ya watu wote, nikasema: “Je, nyumba hii haina mwanamke?” Watu wakanyamaza. Mke wangu hakujibu. Tukaanza Rozari, naye aliitikia kwa sauti ndogo sana.

Kesho yake alfajiri aliniita: “Baba, njoo uone.” Alikuwa na vitambaa viwili vyeupe vilivyolowa maji. Kimoja alikuwa amepangusia dirisha linaloelekea barabara, kingine amepangusia sakafu katikati ya chumba. Akasema: “Vumbi la barabara ni jekundu. Hili la chini ni la kijivu.” Hakuongeza neno. Akachukua ndoo akaenda mtoni.

Nikabaki nimeshika vitambaa vile. Nilikuwa nimelalamikia pikipiki za barabarani, upepo, watoto, na mke wangu. Rangi ya vumbi sikuitazama hata mara moja.

Nikamwita mzee mmoja mwashi, jirani yetu. Alikwaruza sakafu kwa msumari, ikatoka unga. Akaniuliza: “Mwalimu, uliinywesha maji siku ngapi?”

Nikajibu: “Baba, sikuinywesha. Niliiacha ikauke.”

Alicheka kidogo, kwa huruma. “Mwanangu, simenti si matope. Simenti hushikana kwa maji. Ukisha kuitandaza, uifunike kwa magunia au majani ya mgomba, uilowanishe siku saba. Ukiilemeza kwa mchanga na kuinyima maji, ngozi yake ya juu hufa, na kila mguu unaopita huisaga. Mkeo anafagia sakafu yako yenyewe.”

Kumbe hivyo! Neno lenyewe sakafu tumelipokea kwa Waswahili wa pwani. Huko kwao, zamani, sakafu ya chokaa ilipigwa kwa fimbo siku nyingi, watu wakiimba na kuinyunyizia maji, mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Haraka haraka haina baraka: mimi niliijua methali hii tangu utoto, nikaiacha mlangoni siku ya kazi.

Siku hiyo nilimwomba mke wangu msamaha. Akanisamehe. Lakini dhamiri yangu haikutulia, kwa maana nilimwaibisha mbele ya watu, nikamwomba radhi gizani. Basi jumuiya ilipokutana tena kwetu, kabla ya Rozari nilisimama nikasema: “Ndugu, juma lile nilimtukana mke wangu mbele yenu. Vumbi lile ni kazi ya mikono yangu.” Ilikuwa vigumu kuliko mahubiri yote niliyopata kutoa. Mama yule mzee akasema, “Asante, Mwalimu,” tukaanza sala. Safari hii niliisikia sauti ya mke wangu vizuri.

Sasa nieleze tulivyofanya, labda itawafaa wengine. Niliuza mbuzi nikapata mifuko mitatu ya simenti, yote kwa chumba cha watoto, ambacho ni hatua tatu kila upande. Tulichokoa ngozi mbovu yote, tukaosha, tukalowanisha, tukapaka uji wa simenti. Kabla uji haujakauka tukatandaza simenti mpya, moja kwa tatu, unene wa vidole viwili. Tukaifunika na kuilowanisha siku saba, watoto wakilala kwa jirani.

Kwa chumba cha mbele fedha haikutosha. Huko tulisugua, tukaosha, tukaacha pakauke kabisa, ndipo tukapaka nta. Nta ya nyuki huyeyushwa katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Likisha kuondolewa mbali na moto, hapo tu hutiwa mafuta ya taa kidogo, nta ilainike. Mpake kidogo sana, msugue kwa kitambaa. Ikizidi, wazee watateleza. Nta huziba vitundu na kulishika vumbi, lakini hurudiwa kila baada ya miezi michache.

Tena, msifagie pakavu. Ufagio wa njiti za mchikichi ukirushwa pakavu hulipandisha vumbi juu, nalo hurudi pale pale saa ile umeketi kupumzika. Nyunyizeni maji kidogo, au tupeni unga wa mbao uliolowa, kisha mvute ufagio polepole kutoka pembeni kuja mlangoni. Baadaye pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, na maji ya ndoo yabadilishwe yakichafuka. Mpunga upepetwe nje. Viatu vikae mlangoni, juu ya gunia.

Mtakatifu Martino wa Porres, ndugu Mdominiko wa Lima, katika Peru, aliyekufa mwaka 1639 na kutangazwa mtakatifu na Papa Yohane XXIII mwaka 1962, huchorwa akiwa na ufagio mkononi. Zamani nilipoitazama picha ile niliwaza unyenyekevu wa kuwafagilia wengine. Siku hizi nawaza pia kwamba anayeshika ufagio ndiye huona vumbi limetoka wapi. Mke wangu aliona. Mimi nilikuwa nimesimama.

Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Bwana wetu Yezu Kristu anatuambia kwamba kinachomtia mtu unajisi hakitoki nje, hutoka ndani ya moyo wake. Nimelifundisha fungu hilo mara nyingi, nikiandika ubaoni kwa chaki, na vumbi la chaki likaniangukia viatuni. Jioni hizi, kabla ya kulala, nalisoma tena taratibu. Binti yetu hakohoi tena usiku. Mungu na ashukuriwe, na mama yake pia.