Kamituga, Mji wa Dhahabu

Ukitoka Bukavu kuelekea kusini-magharibi, ukapita milima na misitu kilomita 180 hivi, utafika Kamituga, katika nchi ya Warega, huko Mwenga. Dhahabu ndiyo iliyoujenga mji huu tangu enzi ya Wabelgiji. Mwaka 1976 machimbo yakashikwa na kampuni ya SOMINKI. Mashine zake ziliponyamaza, wananchi waliendelea kwa nyundo na sululu. Wanaume hushuka mashimoni. Akina mama hutwanga mawe yawe unga. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji mashimoni, na watu wapatao 50 wakafa. Dhahabu yao huvaliwa mbali. Basi, uonapo pete ing’aayo, kumbuka mikono iliyotwanga mawe.